Kaburi Juu ya Bomba

Mzee Simioni alikufa Jumanne alfajiri, kabla ng'ombe hawajatolewa zizini, na ilipofika saa nne kila mtu Kerende alijua atazikwa wapi. Mwenyewe alikwisha kusema. Alisema kwenye harusi, akasema kwenye ubatizo wa wajukuu, akasema hata mbele ya wageni waliokuja kununua ndama: "Mimi mtanilaza hapa, kando ya mlango wa zizi, nisikie ng'ombe wakitoka." Kisha alipiga mguu mahali penyewe, kama mtu anayejaribu godoro dukani, na watu wakacheka.

Joram, mwanawe wa kwanza, hakucheka. Alijua kwamba chini ya uwanja ule, mahali fulani karibu na ule mlango wa zizi, lilipita bomba kuu la maji la vijiji vitano.

Kulijua ndiyo ilikuwa kazi yake. Bomba lilishuka kutoka tangi la kilimani, nene kama paja la mtu mzima, likakatisha mashamba na miji ya watu hadi bondeni, na jumuiya ya watumia maji ilimchagua Joram kuwa mlinzi wa njia yake. Walimpa baiskeli na daftari lenye jalada gumu. Kila Ijumaa alitembea njia nzima akizikagua bikoni, zile nguzo fupi za zege zilizopakwa chokaa na kuandikwa kwa rangi ya buluu BOMBA LA MAJI, USICHIMBE, kisha akaandika zipi zimesimama na zipi zimeanguka. Alikuwa na kazi ya mdomo pia. Alisimama kanisani wakati wa matangazo, akasimama mnadani katikati ya wauza mbuzi, akawaambia watu: "Ndugu zangu, kabla hujachimba, uliza. Iwe choo, iwe msingi, iwe shimo la taka, hata kaburi. Nipigie mimi, nami nitampigia fundi aje apime. Ni bure." Alisema vizuri mno, na mtu akisema vizuri hivyo wenzake hudhani yeye mwenyewe hahitaji kuambiwa.

Halmashauri nayo ilikuwa imepitisha sheria ndogo. Anayechimba bila kuuliza akaharibu bomba anapelekwa mahakamani. Ikionekana kwamba aliziona bikoni, au alizing'oa, akachimba vilevile, kosa linakuwa la makusudi, na hapo ni jela. Sheria ile ilisomwa kwenye mkutano wa kijiji, na Joram ndiye aliyeisoma.

Sasa wewe msomaji wa mbali utasema, bikoni ni kijiwe tu, kina ubaya gani? Hujakaa huku. Watu wa jirani na mgodi wa dhahabu wakiona nguzo nyeupe imesimikwa uwanjani, hawasomi maandishi. Wanajua, au wanaamini wanajua, kwamba leo ni nguzo, kesho ni mtu mwenye kamera anahesabu migomba yako, na keshokutwa mji wako uko ndani ya uzio wa mgodi na wewe uko nje. Mzee Simioni alikwisha kuhamishwa mara moja maishani mwake, akaapa kwamba atakayemhamisha tena ni Mungu peke yake. Bikoni mbili ziliposimikwa kwake, moja kila upande wa zizi, alizitazama wiki mbili. Wiki ya tatu akachukua mtaimbo akazing'oa zote mbili, akazilaza chini ya ghala la mtama ziwe ngazi.

Joram alizikuta hapo Ijumaa, mke wa Werema, mdogo wake, amesimama juu yake akipanga mtama.

"Tata, hizi ni za maji," alimwambia baba yake. "Ndizo ninazozilinda."

"Linda za wengine, mura. Hapa ni kwangu."

"Mtu akichimba hapa hatajua bomba liko wapi."

"Na nani atachimba kwangu bila mimi kumruhusu?"

Joram alirudi njiani na baiskeli yake. Angeweza kwenda ofisini Tarime akaeleza, lakini kumshtaki baba mzazi kwa watu wa serikali, Mkurya gani angekutazama usoni tena? Aliketi kando ya njia, akafungua daftari, akaandika: Kwa Simioni, bikoni zote zimesimama. Ijumaa iliyofuata akaandika hivyohivyo. Uongo wa kwanza ulimtoa jasho. Wa kumi aliuandika huku anatafuna muwa. Akaendelea hivyo mwaka mmoja na nusu, mpaka ile Jumanne.

Jumatano saa moja asubuhi wachimbaji walikusanyika uwanjani. Mwenye kusimamia alikuwa Mzee Kornelio, mdogo wa marehemu, mtu wa maneno machache na fimbo ndefu. Katika ukoo wao, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayepiga jembe la kwanza, ndipo wengine wapokee. Kornelio akamkabidhi Joram jembe, akaonyesha kwa fimbo mahali palepale marehemu alipozoea kupiga mguu.

Joram alitazama zizi. Alikumbuka kwamba siku mtaro ulipochimbwa bomba lilikaa hatua sita kutoka kwenye uzio. Lakini uzio ule ulikuwa umesogezwa mara mbili tangu siku hiyo, ng'ombe walipoongezeka na walipopungua, na bila bikoni hatua sita hazikuwa na mahali pa kuanzia. Huenda bomba lilikuwa mbali. Huenda lilikuwa chini ya nyayo zake.

"Baba mdogo," alisema, "tukisogea kidogo kuelekea kwenye ule mkonge je?"

"Kwenye mkonge kuna nini?"

"Hakuna kitu. Naona tu kama hapa ni mawe matupu."

Kornelio alimtazama. "Kaka yangu amepiga mguu hapa miaka kumi. Wewe leo ndiyo umeona mawe?"

Joram akatoa simu mfukoni. Jina la Tumsifu lilikuwa pale juu kabisa. Tumsifu alikuwa fundi wa maji, kijana kutoka Moshi aliyepangiwa kazi Tarime, mpole, mwenye michoro yote ya bomba. Kumpigia ilikuwa jambo la dakika moja. Lakini swali lake la kwanza lingekuwa, "Si kuna bikoni hapo?" Na hapo Joram angelazimika kusema hakuna, na kusema tangu lini, na kusema nani aliyezing'oa, huku mwili wa baba yake umelala ndani hata jeneza halijafungwa. Macho ya wanaume ishirini yalikuwa juu yake. Aliona aibu, na ile aibu ilikuwa na nguvu kuliko akili. Akairudisha simu mfukoni, akajiambia kwamba bomba limelazwa chini sana, kwamba Mungu hawezi kuwa mkatili siku ya msiba. Akapiga jembe la kwanza.

Werema, mdogo wake, ndiye aliyeteremka shimoni baada ya udongo wa juu kutolewa. Werema alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu tangu ujana wake, na kwa sururu hakuwa na mpinzani. Alichimba kwa huzuni na kwa haraka, jasho na machozi vikichanganyika, maana alimpenda baba yake na hii ndiyo kazi ya mwisho aliyoweza kumfanyia. Joram alisimama ukingoni. Alihesabu kila sururu iliyoteremka. Shimo likafika kiunoni. Likafika kifuani. Joram akaanza kupumua. Akadhani wamepona.

Ulisikika mlio kama wa kibuyu kinachopasuka. Kisha maji yakaruka juu kupita paa la nyumba.

Yalimtupa Werema ukutani mwa shimo, sururu ikampiga mdomoni. Walimvuta nje kwa mikono miwili, mate yake ni damu tupu. Watoto walipiga vigelegele wakidhani ni neema, mpaka mtu alipowafukuza. Maji yakajaza kaburi, yakafurika, yakaingia zizini, yakashuka kwenye turubai la waombolezaji, yakaelekea mlangoni mwa nyumba kubwa. Wanawake walilia upya. Wanaume wanne waliingia ndani wakainua jeneza wakaliweka juu ya meza ya chakula, na Nyangi, mjane, akabaki amekaa sakafuni kwenye maji, amelishika jeneza kwa chini.

Joram alikimbilia vali ya kufungia maji. Ilikuwa kwenye shimo la zege karibu na shule, upande wa kilimani, na bodaboda ilimfikisha kwa dakika kumi. Aliifunga, akarudi. Alikuta watu wote wamelizunguka kaburi. Maji mekundu ya matope yaliyokuwa yamejaa hadi ukingoni yalikuwa yanashuka. Yalishuka mbele ya macho yao, taratibu, hadi shimo likabaki na tope tu.

"Kaburi limekunywa," Mzee Kornelio alisema.

Joram alijua yalikokwenda. Kule bondeni mabomba yalikuwa wazi, akina mama wamekinga ndoo, na vali ya juu ilipofungwa, lile bomba lililovunjika lilikuwa limeyavuta maji ya shimoni likawapelekea. Alipaswa kupiga kelele, kupiga simu, kumtuma mtu mbio akafunge mabomba ya bondeni. Hakufanya hata kimoja. Kabla ya adhuhuri watu wa bondeni walikuwa wanakinga maji ya rangi ya ugoro, na mtu wa bodaboda alikwisha kuwaambia yametoka kwenye kaburi la nani.

Mzee Simioni alizikwa saa tisa alasiri nyuma ya nyumba, pembeni mwa mihogo, kwenye shimo la haraka ambalo hakuna aliyelipiga mguu. "Mnampeleka wapi?" Nyangi aliuliza, jeneza lilipopita upande usio wake. 

Lile shimo la kwanza lilikuwa na msiba wake. Kaburi lililochimbwa haliachwi tupu. Kama mwenyewe hakuingia, unalazwa mgomba ndani na kufukiwa kabla jua halijazama, maana shimo lililo wazi humtafuta mtu. Kornelio alikwisha kukata mgomba. Lakini Tumsifu alikuwa amefika, suruali imejaa tope, akalitazama bomba, akatikisa kichwa.

"Shikamoo mzee. Naomba msamaha, msilifukie. Kiungo cha bomba hili kinatoka Musoma. Tutalitengeneza humu humu ndani."

"Lini?"

"Jumamosi, mzee."

Kornelio aliutupa ule mgomba chini, akaenda zake.

Tumsifu alikuja na askari wawili, kama sheria ilivyosema. Mmoja akauliza nani alikuwa anachimba. Walichimba wengi, kila mmoja kwa zamu yake, lakini Werema aliinua mkono bila kusita. "Mimi," alisema, mdomo umevimba.

"Hukuona bikoni?"

Werema akajifuta damu mdomoni. Tumsifu alizunguka uwanja akizitafuta nguzo zake, hakuona hata shina. Alimwomba Joram daftari. Joram akalitoa mfukoni mwa koti, akampa. Nataka uelewe jinsi jambo lilivyokwenda: hakuna aliyemlazimisha Joram kunyamaza. Tumsifu alisoma kwa sauti, bila ubaya wowote: "Ijumaa iliyopita. Kwa Simioni, bikoni zote zimesimama." Akafunga daftari. "Basi zimeng'olewa wiki hii. Wameziona, wakazing'oa, wakachimba."

"Makusudi hayo," askari alisema, akaandika.

Wa nyumbani wote walijua ukweli. Werema alijua, mkewe alijua, Nyangi alijua. Lakini marehemu alikuwa na saa mbili tu ardhini, na siku ya kumzika mtu hatajwi kwa ubaya, tena mbele ya askari, tena na mke au mwana wake. Wakamtazama Joram. Yeye ndiye mlinzi, daftari ni lake, yeye ndiye angejua namna ya kusema. Joram alitazama miguu yake. Askari wakampandisha Werema kwenye gari na nguo zake za tope, akageuka mara moja kumtazama kaka yake, kisha gari likaondoka.

Shimo likalala wazi usiku wa kwanza, na wa pili, na wa tatu.

Jumamosi bomba likatengenezwa na shimo likafukiwa. Tumsifu alilisafisha kwa dawa tangu tangini hadi bomba la mwisho, akapima maji, akapima tena. Jumapili akayanywa mbele ya watu kanisani, glasi nzima. Watu walimshukuru kwa adabu. Jumatatu asubuhi mabomba ya bondeni yalikuwa yanatoa maji meupe kabisa, na hapakuwa na ndoo hata moja. Wanawake walipita kando yake wakaenda mtoni, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, kule kwenye mamba. "Hayo ni maji ya Simioni," walisema. "Sisi hatumnywi mtu." Mahubiri yote ya Joram hayakuwahi kuzungumzia hilo.

Asubuhi hiyo mama yake alimkuta anafunga kamba ya baiskeli.

"Kesho wanampeleka mahakamani Tarime," Nyangi alisema. "Nimetoka kumpelekea uji. Hanywi."

Joram hakuinua kichwa.

"Shimo limekaa wazi siku zote hizo, mwanangu. Na aliyekuwa ndani yake ni Werema. Mimi nimezika mume. Unataka nini kingine?"

Hakupaza sauti. Angepaza, huenda Joram angepata pa kujifichia, maana mtu akigombezwa hujitetea. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na wengi tunausema msemo huo tukimfikiria jirani. Joram aliiacha baiskeli ilivyokuwa. Wakaenda pamoja kituo cha polisi kwa miguu, mama mbele, mwana nyuma.

Tumsifu alikuwa pale kaunta, ameitwa kusaini maelezo yake. Joram aliwasalimu, akaweka mikono juu ya mbao.

"Bikoni hazikung'olewa wiki hii," alisema. "Aling'oa baba yangu. Mwaka jana, mwanzoni mwa mwaka. Ziko chini ya ghala, nendeni mkazione. Werema hakuona bikoni kwa sababu hazikuwepo."

Askari akaacha kuandika. "Na daftari?"

"Daftari ni uongo. Nimeandika uongo kila Ijumaa. Na siku ya kuchimba nilijua bomba liko karibu. Mimi ndiye niliyepiga jembe la kwanza."

Alidhani akilisema lote atajisikia mwepesi. Hakujisikia hivyo. Alisikia nyuma yake mama yake akivuta pumzi alipotajwa baba, basi. Askari alimtazama Tumsifu, Tumsifu akatazama makaratasi yake, kisha akauliza.

"Kwa nini hukunipigia, kaka Joram?"

"Niliogopa."

"Siku ile nilikuwa Nyangoto." Sauti yake ilikuwa karibu kulia. "Nilikuwa Nyangoto tangu saa kumi na mbili asubuhi, natengeneza mita. Ni dakika ishirini kwa pikipiki. Ningekuja na mchoro, ningepima, tungesogea hatua mbili tu. Mzee angelala palepale mlangoni mwa zizi."

Askari akafungua daftari la kituo, akamwambia Joram avue mkanda na viatu. Mwingine akaenda nyuma kumfungulia Werema. Werema alitoka akikohoa, amefumba macho kwa mwanga, akampita kaka yake bila kumsemesha, akamshika mama yake bega. "Twende nyumbani," alimwambia.

Nyangi hakuondoka. Alimgeukia Tumsifu.

"Baba, hatua mbili ni kama wapi?"

"Mama?"

"Ulisema hatua mbili. Nionyeshe."

Tumsifu aliona haya, lakini aliweka makaratasi chini. Akasimama mbele ya kaunta, akapiga hatua moja, akapiga ya pili, akasimama karibu na benchi la wageni. Nyangi naye akaja pale kwenye kaunta alipoanzia, akazipiga zile hatua polepole kwa miguu yake, mmoja, wa pili. Akageuka kutazama alikotoka.

"Hapa tu?"

"Ndiyo, mama. Hapo tu."

Akakaa kwenye benchi. Tangu Jumanne alfajiri alikuwa hajalia mbele ya watu, akisema atalia wageni wakiisha. Sasa akalia, ameshika kitambaa cha kichwa kwa mikono yote miwili, na Werema akachutama mbele yake asijue la kufanya. Joram alikuwa upande wa pili wa kaunta, miguu mitupu, ameshikwa mkono na askari. Aliomba aruhusiwe kwenda kwa mama yake. Askari akamwambia asubiri, kwanza asaini maelezo yake.